Tulivyopishana Chini ya Barabara ya Arua

Vijana wa idara ya ujenzi waliniaga kwa saa ya ukutani, mbuzi mmoja, na hotuba iliyokaribia kuwa ndefu kuliko utumishi wangu wenyewe. Nilipokuwa napakia vitu vyangu, yule binti wa chumba cha ramani akanifuata. "Mzee Farajala," akasema, "kati ya waliochimba mtaro wa chini kwa chini umebaki wewe peke yako. Tuandikie ilivyokuwa."

Basi, nimekaa kuandika. Vyeo sitavitaja, na mishahara tuiache ilale. Mabomba, madaraja na matangi niliyoyasimamia baadaye yamo kwenye mafaili, someni wenyewe. Nitaandika kuhusu kazi ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo ambayo mpaka leo mvua ikinyesha inanikosesha hamu ya chakula. Na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mimi ni Mnubi wa Koboko. Mama yangu alisuka vifuniko vya chakula vya rangi, na mimi mtoto wake nilikuja Arua kubeba zege mchana na kusoma jioni. Darasa lilikuwa Ediofe, chumba kimoja, wanafunzi kumi na mmoja, wote watu wazima wenye vumbi la kazi masikioni. Mwalimu wetu alikuwa mpima ardhi mzee. Nilimaliza nikiwa wa kwanza, au wa pili, inategemea unamuuliza nani. Siku ya mwisho mwalimu alinikabidhi dira yake ya shaba, nzito kama bakuli la uji. Kwa muda wa mwezi mzima nilitembea mjini nikiifungua kila kona, kana kwamba sijui njia ya kwenda sokoni.

Miaka ile, mnamo sabini na mbili, sabini na tatu, maji ya mvua yalishuka kutoka kilimani yakapita katikati ya mji kama yana haraka ya kwenda kuoa. Yalibeba vyungu, yalibeba kuku. Mimi kwa macho yangu nilimwona mbuzi akipita amesimama juu ya meza, ametulia, anatazama maduka. Mtaro ulihitajika. Lakini barabara kuu ilikuwa imetiwa lami juzi tu, malori ya jeshi yalipita hapo kila siku, na amri ikatoka kwamba atakayeipasua lami hiyo atajuta. Kwa hiyo ilibidi tuchimbe chini yake: chini ya barabara, chini ya maduka, kisha kandokando ya uzio wa ghala la jeshi, mpaka kwenye mteremko wa kuelekea kijito. Tungechimba kutoka pande mbili, mashariki na magharibi, tukutane katikati.

Kazi iliwekwa chini ya Kapteni mmoja, ambaye ndiye pia aliyekuwa na funguo za ghala lile. Nyakati zile za utawala wa jeshi kila kitu kiliwekwa chini ya kapteni, hata shule, hata ng'ombe. Hakuwa mtu wa makelele. Aliongea polepole, na ndiyo sababu tulimwogopa. Watu wa mjini walikuwa wamezoea kuona gari likisimama mbele ya nyumba, mtu akiitwa kwa jina zuri tu, "Njoo kidogo, bwana," na hiyo "kidogo" haikuwa na mwisho. Msidhani kwamba kwa kuwa mimi ni Mnubi, na wakubwa wengi wa jeshi walikuwa wa kwetu Koboko, nililala kwa amani. Aliyekuwa karibu na moto ndiye aliyejua zaidi unavyounguza.

Aliyejua kuchimba kweli kati yetu alikuwa mmoja, Papa Anzelmi, Mkongo, mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana na kidole kimoja pungufu. Alikuwa amechimba dhahabu kwao tangu ujana. Siku yangu ya kwanza nilimwonyesha cheti changu. Akakishika kwa ncha za vidole, akakirudisha.

"Muzuri sana," akasema. "Sasa vua viatu. Udongo inasemaka na miguu."

Alinifundisha vitu ambavyo cheti hakikuvijua. Usipige mluzi ndani, maana masikio ya wenzako yana kazi. Usikae chini ya sehemu inayodondosha mchanga kidogo kidogo. Na namna ya kwenda sawa: alining'iniza kamba mbili za timazi kwenye dari karibu na mlango, moja nyuma ya nyingine, kila moja risasi yake imezama ndani ya ndoo ya maji ili isicheze. Nyuma yake aliwasha mshumaa. Wewe uliyeko mbele unageuka, unafumba jicho moja. Kamba mbili zikiwa moja, uko sawa. Zikiwa mbili, umepotea. Ila kazi yote ilibidi isimame mpaka kamba zitulie, na hapo unaweza kusubiri hata muda wa kula sahani nzima ya enyasa, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa simsim.

Dari tuliishika kwa nguzo za kalatusi zilizoletwa kutoka Ludara. Zilikuwa mbichi, na zililia. Malori yakipita juu, mtaro mzima uliguna, kriii, kriii. Siku Kapteni alipoingia mara ya kwanza, nguzo moja ililia karibu na sikio lake.

"Nini inalia?" akauliza.

"Mti, mukubwa," akajibu Papa. "Ikichoka inasema. Mutu anapata nafasi ya kukimbia."

Kumbe Kapteni nafasi hiyo alikuwa ameshaitumia. Sauti yake ilitoka nje: "Toa hiyo miti yote! Weka chuma!"

Baada ya siku nne lori lilifika kutoka Pakwach limejaa vipande vya reli za zamani. Tukasimamisha reli mahali pa nguzo na kulaza reli juu. Papa alizigonga kwa nyundo, akatikisa kichwa. "Mti inalia mbele ya kufa," akaniambia. "Chuma inakufa kimya." Lakini alinong'ona, na nje hakurudia.

Tukagawana. Papa na watu wake walichimba kutoka magharibi. Mimi nilipewa upande wa mashariki, na msaidizi wangu mkuu alikuwa Adriko, mkulima wa Dadamu, mtu ambaye sururu mikononi mwake ilionekana kijiko. Hapo ndipo Kapteni alipotangaza kwamba wageni wakubwa watapita Arua Jumapili fulani, na yeye atatembea ndani ya mtaro toka mlango hadi mlango Ijumaa ya kabla yake. "Nitaingia hapa," akasema, akaonyesha kwa fimbo. "Nitatokea kule. Kama sitokei, na nyinyi hamtatokea."

Kusubiri kamba zitulie kukaanza kuniuma. Nina dira, nina cheti, ninangoja maji ya ndoo! Siku moja nikaziacha timazi, nikafungua dira, nikasoma, nikaonyesha kwa mkono: huku. Adriko akachimba. Siku ile tuliwapita watu wa Papa kwa hatua nzima. Kesho yake tena. Nikajisifu mpaka sokoni kwamba Farajala anachimba Arua kwa sindano ya dira. Papa sikumwambia. Nilitaka aje aone mwenyewe tutakapokutana uso kwa uso.

Kila asubuhi tulikuwa na desturi. Kazi ilisimama pande zote, upande mmoja ukapiga nyundo mara tatu kwenye udongo wa mbele, upande mwingine ukachomeka nondo ukutani na kuweka sikio kwenye ncha yake. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho ilikuwa zamu yangu kusikiliza. Nilichomeka nondo mbele. Kimya. Nikachomeka kulia, nikasikia kwa mbali. Adriko, aliyekuwa amekaa nyuma yangu anafunga kamba ya sururu, akasema, "Farajala, wanagonga huku."

"Huku wapi?"

"Hapa kwa mgongo yangu."

Nikarudi nyuma hatua sita na kuweka sikio kwenye ukuta. Tu. Tu. Tu. Wazi kama mtu anayebisha hodi. Papa alikuwa ubavuni mwetu, na sisi tulikuwa tumeshampita. Jasho lililonitoka pale lingetosha kujaza mtaro bila kusubiri mvua.

Papa alizunguka kwa juu akaja upande wangu. Akatundika timazi zake, akasubiri, akaangalia. Kamba zilielekea ukutani. Mtaro wangu ulikuwa umepinda taratibu, hatua kwa hatua, kama mkia wa mbwa. Hakunigombeza. Akanyoosha mkono akaichukua dira, akaisogeza karibu na reli ya ukutani. Sindano ikaruka, ikageuka, ikaikodolea macho ile reli. Akaisogeza kwenye reli ya pili. Ikaigeukia hiyo.

"Sindano yako inapenda chuma," akasema. "Na wee unapenda sindano."

Darasani tulifundishwa. Wallahi tulifundishwa, ukurasa naukumbuka. Lakini kwa mwalimu wetu chuma kilikuwa kisu mfukoni au jembe begani. Hatukuwahi kuambiwa habari za mtu aliyejijengea nyumba nzima ya reli kisha akakaa ndani yake kuuliza kaskazini iko wapi.

Hilo lilikuwa kosa tu. Hofu yenyewe ilikuja mchana, tulipopima mpindo kwa kamba chini, kisha mimi na Papa tukaupima tena juu ya ardhi, tukijifanya tunakagua mfereji wa barabara. Tulihesabu hatua kutoka mlango, tukakata kushoto kidogo, tukahesabu tena. Nikainua macho. Mbele yangu kulikuwa na seng'enge. Tulikuwa bado na hatua nne za kuhesabu, na zote nne ziko ndani ya uzio wa ghala la jeshi.

Askari wa zamu akatuona. "Nyinyi mbili! Natafuta nini hapo?"

"Maji, bwana," Papa akasema. "Tunaangalia maji itapita wapi."

"Mbona huyu natetemeka?"

"Ana malaria."

"Peleka yeye hospitali basi. Hapana kufa hapa kwa uzio yangu."

Tuliondoka bila kukimbia, na kutembea polepole hatua zile thelathini ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Fikirini, ndugu zangu. Mtaro wa chini kwa chini, miaka ile, umeingia chini ya ghala la silaha, na anayeongoza kazi ni mgeni kutoka ng'ambo ya mpaka. Nani angeuliza habari za sindano? Mimi labda wangenipiga na kuniacha. Papa asingefika hata kituoni. Nilimwambia, "Papa, vuka leo. Kwenu si mbali."

"Nikivuka leo, ni miye nilichimba kwenda kwa bunduki," akajibu. "Na Adriko na wee mutakuwa ndugu zangu wa wizi. Tunabaki. Tunafunga hiyo shimo."

Tulikuwa na siku nne. Mpango ulikuwa hivi: tuvunje ukuta kati yetu na watu wa Papa, na udongo wote utakaotoka tuupeleke kwenye sehemu iliyopotoka, tuushindilie, tujenge ukuta. Nje kusitoke hata toroli moja. Adriko alisikiliza, akaweka sururu chini.

"Mimi nina watoto Dadamu," akasema. "Nitachimba. Lakini Kapteni akiniuliza, mimi sina ubongo ya kudanganya."

"Hakuna anayekuomba udanganye," nikasema.

"Basi omba asiniulize."

Tulivunja ukuta Jumanne. Jumatano na Alhamisi tulijaza. Kujaza chini ni rahisi, unashindilia kwa gogo. Shida ni juu, kwenye dari, ambako gogo haliinuki. Mwembamba kati yetu nilikuwa mimi, na mwenye kosa pia. Nililala kifudifudi juu ya udongo niliokwisha kuujaza, kichwa mbele, dari inanigusa mgongo, nikawa nasukumia udongo kwa mikono miwili, na Adriko ananirushia mwingine kwa nyuma kupitia miguuni kwangu. Juu yangu lori lilirudi nyuma. Nikasikia kitu kizito kikiburutwa, kikiwekwa, kikiburutwa tena. Nilijua ni masanduku, na nilijua ndani ya masanduku mna nini. Reli zilizokuwa kando yangu hazikusema neno. Hapo ndipo nilipozitamani nguzo za Ludara zinilie sikioni kama mtoto mchanga, nijue tu kama bado ninaishi au la.

Kwenye kona ya juu, upande wa kushoto, mkono wangu haukufika. Ilibaki nafasi kama ya karai, labda karai mbili. Nilijaribu kwa fimbo. Lori likarudi nyuma tena, mchanga ukaniingia shingoni, laini, kidogo kidogo. Nikajiburuta nikatoka.

"Imejaa?" Papa akauliza.

"Imejaa," nikasema.

Ijumaa Kapteni aliingia kutoka mashariki na tochi, bila askari. Papa mbele yake, mimi nyuma, Adriko nyuma yangu anapumua kama ng'ombe. Alihesabu hatua kwa sauti ya chini. Alipofika kwenye mpindo akasimama. Tochi ikaenda kulia, kulikokuwa na njia mpya. Ikarudi kushoto, kwenye ukuta wetu. Akauwekea kiganja. Ulikuwa bado na unyevu.

"Wewe," akamwambia Adriko. "Hii iko nini?"

Adriko akautazama ukuta kama anausoma. "Udongo, afande."

"Najua udongo. Nyuma yake?"

"Udongo, afande."

Huo ulikuwa ukweli mtupu, au karibu. Kapteni akamgeukia Papa. Mkono wake wa kulia ukafungua kifungo cha mfuko wa bastola, taratibu, kama mtu anayefungua shati. "Mkongo. Huku ni ghala yangu. Ulikuwa nachimba kwenda wapi?"

"Ni miye mukubwa wa kazi," Papa akaanza. "Kosa yote ya kazi ni—"

"Ni mimi, afande," nikasema. "Upande huu ni wangu. Papa alikuwa upande ule. Nilifuata dira, na dira ilifuata chuma."

Nikampa ile dira. Kapteni akaangaza tochi juu ya kioo. Akaisogeza kwenye reli ya kushoto, sindano ikageuka. Kwenye ya kulia, ikageuka. Akafanya hivyo mara tatu, bila haraka.

"Na chuma," akasema mwishowe, "nani alisema iwekwe chuma?"

Nilimtazama usoni, na nilichokiona sikutegemea kukiona kwa mtu kama yule. Nilikijua vizuri, maana nilikuwa nacho tangu Jumatatu. Juu yake pia kulikuwa na watu wenye magari, na kwake pia mtu angeweza kuja kusema, "Njoo kidogo, bwana." Ghala lilikuwa lake, na amri ya reli ilikuwa yake.

Akafunga kile kifungo. "Hii ukuta iko hapa tangu mwanzo," akasema. "Mumesikia? Tangu mwanzo."

"Ndiyo, afande."

"Wewe wa dira. Utachora ramani. Chora nyoofu. Weka saini."

Dira akaitia mfukoni, akatembea hadi mlango wa magharibi, akatokea juani. Jumapili wageni wakapita, bendera zikapeperushwa, na mvua iliyofuata maji yalishuka yakaingia kwetu yakatokea kijitoni kama yaliyotumwa. Soko likabaki kavu. Watu walitupongeza. Papa alingoja wiki mbili ili kuondoka kwake kusiwe na harufu, kisha akavuka kwao. Aliniachia timazi zake mbili na neno moja: "Sasa ukisema imejaa, ijae." Alijua. Sijui alijuaje.

Miaka sita iliyobaki ya utawala ule, kila baada ya mvua kubwa nilitafuta sababu ya kupita karibu na uzio. Nilitazama ardhi iliyokuwa chini ya malori. Usiniulize nilichotegemea kufanya kama ningekuta shimo.

Mwaka sabini na tisa serikali ikaanguka, na sisi wa Koboko tukakimbia, kila mtu na godoro lake. Kwenye njia ya kuelekea mpakani, katikati ya watu na mbuzi na baiskeli, mtu mmoja aliyevaa shati la kiraia lisilomtosha alinishika mkono. Sikumtambua mpaka alipoongea. Ile sauti ya polepole ilikuwa ileile. Hakunisalimia, hakuulizia wenzangu.

"Imebonyea?" akauliza.

"Bado, afande."

Akaniachia mkono, akaendelea na safari. Sikumwona tena.

Niliporudi idarani baada ya miaka ya ukimbizi, ramani yangu ilikuwa bado ipo, safi kabisa, mstari mmoja kutoka mlango hadi mlango. Wakubwa waliokuja waliisifu. Ningeweza kusema. Kila mwaka nilijiambia mwaka ujao.

Sasa uzio haupo, ghala halipo, na mwezi uliopita nimepita hapo nikakuta vigingi na kamba nyeupe: mtu anajenga ghorofa. Binti wa ramani, ulitaka niandike ilivyokuwa, basi andika hivi kwenye karatasi yako. Kutoka mlango wa mashariki, hesabu hatua hamsini na moja za mtu mrefu. Hapo ramani inadanganya, na saini ni yangu. Mtaro unakata kulia, na kushoto kuna hatua sita za udongo wa kujazwa. Waambie wenye ghorofa wasimwage zege kabla ya kuchimba shimo la kupima. Wakikuta udongo laini wenye vipande vya reli ndani yake, wasimame, wamtoe kila mtu shimoni, kisha waanze kutafuta kona ya juu, upande wa kushoto. Na mniite. Nitakuja na timazi, hata kama nitaletwa kwa toroli.